Msasa wa Cape Town na Ushabiki wa Makadara

Habari ya mchezaji wa kriketi aliyeshikwa akiuharibu mpira ikifika maskani kwetu, swali la kwanza si amefanya nini. Ni nani huyo? Jina likishatajwa na bendera ikajulikana, hukumu imeshapita, na ushahidi ukija baadaye hupangwa kuifuata hukumu. Nimekulia ndani ya mabishano haya, kati ya Makadara na Mji wa Kale, Mombasa, na ninayapenda kwa dhati. Ila hili la kupima kosa kwa rangi ya jezi limenikera miaka mingi, na leo nataka kulisema lote.

Asiyeijua Mombasa huenda akashangaa kwamba watu hugombana kwa Kiswahili, vikombe vya kahawa chungu mikononi, juu ya India na Pakistan. Ugomvi huo una mizizi yake. Kuna familia za Kihindi zilizofika pwani kwa majahazi ya biashara, na nyingine zilizokuja wakati wa ujenzi wa reli ulioanza 1896, mwaka uleule ilipoanzishwa Mombasa Sports Club. Kuna Wabaluchi, ambao mababu zao waliletwa kuwa askari wa masultani. Kuna Wabohora na Wagujarati wenye maduka. Halafu tuko sisi wengine, Waswahili na Wamijikenda, ambao damu haitufungi na upande wowote ila tulichagua wenyewe: kwa ajili ya jirani, ya rafiki wa shuleni, ya dini, au ya mchezaji mmoja tu aliyetuteka moyo. Tarehe 4 Oktoba 1996, pale Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi aliifikisha mikimbio mia (mikimbio ndiyo pointi za kriketi) kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya dunia iliyodumu zaidi ya miaka 17. Wako watu wazima Mombasa leo ambao ushabiki wao wa Pakistan ulianza siku hiyo, wala hauna maelezo mengine.

Kabla ya kumwita mtu mwizi ni vyema kujua ameiba nini.

Mpira wa kriketi ni kiini cha koki kilichozungushiwa uzi kikafunikwa ngozi. Uzito wake ni kati ya gramu 155.9 na 163, na katikati una mshono uliosimama. Ukiwa mpya hung'aa pande zote. Wachezaji huchagua upande mmoja wakaufuta kwenye suruali mchana kutwa ili ubaki laini, na ule wa pili huuacha uchakae. Hewa haipiti sawasawa juu ya pande hizo mbili, kwa hiyo mpira hupinda ukielekea upande uliochakaa. Hayo mpigaji aliyefundishwa vizuri anayajua. Lakini mpira ukishazeeka, upande mmoja ukawa umechakaa sana, na mrushaji akawa na kasi kubwa, mambo hugeuka: sasa mpira hukimbilia upande ule laini. Vijana wa kwetu huuita rivasi. Mpigaji anausoma mshono unamwambia huku, mpira unakuja kule, tena unapinda mwishoni kabisa, miguuni pake. Ufundi huo ulikomaa Pakistan. Sarfraz Nawaz alimrithisha Imran Khan, na Imran akawapa Wasim Akram na Waqar Younis, ambao waliwaangusha nao wapigaji wa dunia nzima.

Sheria inaruhusu kuufuta mpira kwa nguo, kuupaka jasho, kuukausha kwa taulo, na kuondoa tope mbele ya macho ya mwamuzi. Hairuhusu kucha, wala mchanga, wala mafuta, wala kuusugua chini, wala kuuinua mshono. Mate yaliruhusiwa tangu enzi za mababu, yakakatazwa 2020 kwa sababu ya Korona, na tangu 2022 yamekatazwa moja kwa moja. Maana yake ni kwamba jambo lililofanywa na kila mrushaji mashuhuri mbele ya watu leo ni kosa. Mpaka kati ya ufundi na udanganyifu umewekwa na watu, na watu huusogeza.

Watoto wa Makadara hawahitaji kusoma kitabu cha sheria kulielewa hilo. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tulikuwa tukicheza vichochoroni kwa mpira wa tenisi uliofungwa tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Ukiifunga tepu nusu moja tu, mpira hupinda vibaya sana. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa timu zote mbili zilitumia mpira uleule na tepu ilionekana na kila mtu. Lakini mtoto akijificha nyuma ya gari akaibandua tepu kidogo, alitolewa mchezoni usiku ule, hata awe ndiye mwenye mpira.

Huo ndio uadilifu ninaoutafuta kwa wakubwa, na mara nyingi siuoni.

Mwaka 1992 Pakistan walikwenda Uingereza wakashinda mfululizo wa Testi, zile mechi za siku tano, 2 kwa 1. Wasim na Waqar waliwatoa Waingereza kwa mafungu, tena kwa mpira uliokwisha kuchakaa, wakati ambapo mrushaji wa kawaida huwa amechoka na mpigaji amestarehe. Magazeti ya huko yakaanza kusema wanauharibu mpira. Katika mechi ya siku moja pale Lord's, uwanja wa London, waamuzi waliubadilisha mpira katikati ya mchezo, na sababu haikutangazwa. Hakuna mchezaji aliyetiwa hatiani katika ziara ile. Shutuma hata hivyo ilibaki, ikawafuata kila walikokwenda.

Miaka miwili baadaye, palepale Lord's, kamera zilimnasa nahodha wa Uingereza, Michael Atherton, akitia mkono mfukoni na kutoa vumbi alilolipaka kwenye mpira. Alieleza kwamba lilikuwa la kukausha mikono. Alitozwa faini ya pauni 2,000 na akaendelea na unahodha. Mwaka 2005 Waingereza waliwashinda Australia, na silaha yao kubwa ilikuwa rivasi ileile, mikononi mwa Andrew Flintoff na Simon Jones. Safari hii ikaitwa sayansi. Marcus Trescothick alikuja kukiri mwaka 2008 kwamba alikuwa akinyonya peremende za mnanaa ili mate yake yaung'arishe mpira vizuri. Hakuadhibiwa.

Mtu wa Pakistan akisikia hayo moyo unamuuma, na ana haki. Lakini sisemi haya ili nimpe kadi ya kupita bure. Imran mwenyewe alikiri 1994 kwamba aliwahi kutumia kifuniko cha chupa katika mechi ya kaunti huko Uingereza. Mchezaji wa kwanza duniani kufungiwa kwa kosa la kuharibu mpira ni Waqar, mwaka 2000. Afridi, kipenzi cha nusu ya mtaa wetu, aliuuma mpira kwa meno huko Perth mwaka 2010, kamera zikimtazama. Na upande wa India tusijifanye malaika. Mwaka 2001 huko Port Elizabeth, msimamizi wa mechi, Mike Denness, alimpa Sachin Tendulkar adhabu kwa kuondoa nyasi kwenye mshono bila mwamuzi kujulishwa. Kosa lilikuwa dogo, pengine la usahaulifu tu, na mimi naona adhabu ilizidi. Kilichofuata, lakini, kilizidi zaidi: sanamu za Denness zikachomwa moto mitaani India, na Testi iliyofuata ikachezwa bila yeye na kufutiwa hadhi ya kuwa Testi. Wangapi kati ya waliochoma sanamu zile walikuwa na neno la huruma kwa Waqar mwaka mmoja kabla?

Kisha ikaja Oval, uwanja mwingine wa London, tarehe 20 Agosti 2006, siku ambayo nikiisimulia hata wasiopenda kriketi hukaa wakasikiliza.

Ilikuwa siku ya nne ya Testi ya nne, Pakistan na Uingereza. Waamuzi Darrell Hair na Billy Doctrove waliutazama mpira, wakaamua umeharibiwa, wakawapa Waingereza mikimbio mitano ya adhabu na kubadilisha mpira. Hakuna kamera iliyomwonyesha mtu akiuharibu, wala jina la mchezaji halikutajwa. Pakistan waliendelea hadi mapumziko ya chai, kisha nahodha Inzamam-ul-Haq akagoma kurudi uwanjani. Waamuzi walitoka, wakangoja, wakaangusha vijiti vilivyo juu ya wiketi, ishara kwamba mchezo umekwisha, na kuwapa Uingereza ushindi. Pakistan walipobadili nia wakatoka, waamuzi wakasema mechi imekwisha. Ilikuwa Testi ya kwanza katika historia kumalizika kwa timu kupokonywa mchezo. Baraza la kriketi la dunia lilipochunguza, Inzamam aliondolewa tuhuma ya kuharibu mpira kwa kukosekana ushahidi, ila akafungiwa mechi nne za siku moja kwa kuuaibisha mchezo. Mwaka 2008 matokeo yakabadilishwa yakawa sare. Mwaka 2009 yakarudishwa tena, ushindi wa Uingereza.

Baraza zetu zilichemka. Waliompenda Inzamam walisema angekubali kurudi angekubali kuitwa mwizi. Wa upande wa pili walisema asiye na hatia hurudi akacheza akamaliza, kisha akadai haki yake mezani. Nilikuwa upande wa Inzamam siku ile na bado niko naye kwa jambo moja: ukimtuhumu mtu kwa udanganyifu mbele ya dunia, uwe na cha kuonyesha. Lakini kuna waliokata tiketi, kuna watoto waliongojea mchezo, na hao hawakuwa wamemtuhumu mtu.

Cape Town ilikuwa kinyume chake, maana huko kila kitu kilionekana. Jumamosi tarehe 24 Machi 2018, Testi ya tatu kati ya Afrika Kusini na Australia, kamera zilimwona Cameron Bancroft akiusugua mpira kwa kitu cha manjano, kisha akagundua ameonekana na kukificha ndani ya suruali. Jioni ile yeye na nahodha Steve Smith walikiri, lakini walisema ni utepe uliogandwa na vumbi la uwanjani. Baadaye ikajulikana ni karatasi ya msasa, ile ya mafundi seremala, na kwamba makamu wa nahodha, David Warner, ndiye aliyebuni mpango. Baraza la dunia lilimfungia Smith mechi moja tu. Bodi yao wenyewe ikawafungia Smith na Warner mwaka mzima, na Bancroft miezi tisa. Kocha Darren Lehmann akajiuzulu. Na msasa haukuwafaa kitu: walipigwa kwa mikimbio 322.

Ami mmoja pale maskani, shabiki wa Pakistan tangu enzi za Miandad, hakuificha furaha yake.

"Leo wamejua," akasema. "Miaka yote wezi ni sisi. Haya, na hawa je?"

"Ami, lakini Afridi aliuma mpira, dunia nzima yaona."

"Alikuwa kijana."

"Siku ile alikuwa nahodha, ami."

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu, wewe hukuwapo mwaka wa tisini na mbili. Mtu akishaitwa mwizi miaka na miaka, siku akiiba kweli watu wake humtetea vivyo hivyo. Hawana tena njia ya kutofautisha."

Sikuwa na jibu, na hadi leo naona alilolisema ndilo kubwa kuliko yote niliyowahi kulisikia juu ya jambo hili. Kumtuhumu mtu kwa uzalendo, bila ushahidi, hakumwumizi yeye peke yake. Kunawafanya watu wake wasiamini tena ushahidi wowote, hata ule wa kamera. Mashabiki wa Uingereza na Australia walioshangilia shutuma za 1992 na 2006 walichangia kutuzalia shabiki asiyekubali kitu. Na sisi tunaomcheka Bancroft kwa sababu tu ni Mwaustralia tunazaa wa kwao.

Nilimwona Smith akilia mbele ya waandishi wa habari uwanja wa ndege wa Sydney, na sikufurahi hata kidogo. Adhabu yake naiona ya haki. Alidanganya kuhusu msasa, na alikuwa nahodha. Faf du Plessis wa Afrika Kusini aliyetumia mate yenye peremende huko Hobart 2016 alikatwa malipo ya mechi akaendelea kucheza, na tofauti hiyo ilionyesha wazi kwamba kipimo hakikuwapo. Miezi michache baada ya Cape Town baraza la dunia lilikiweka: kosa likapandishwa ngazi, na sasa mtu anaweza kufungiwa hadi Testi sita. Lilikuwa jambo jema, japo lilihitaji kwanza mchezaji wa nchi kubwa aaibike.

Smith na Warner walirudi kwenye Kombe la Dunia la 2019 huko Uingereza wakizomewa kila uwanja. Tarehe 9 Juni, India na Australia pale Oval, mashabiki wa India walimzomea Smith aliyekuwa amesimama karibu na mpaka wa uwanja. Virat Kohli, aliyekuwa akipiga, aliwageukia watu wake mwenyewe akawaashiria kwa mikono: mpigieni makofi. Baada ya mechi akasema kwamba mtu amekosa, ameadhibiwa, amerudi, anazomewa kwa lipi tena? Kumkanya mpinzani ni rahisi. Kumkanya wa kwako, mbele ya maelfu waliovaa jezi yako na kulipia kukuona, ni kazi ya mtu aliyelelewa.

Na mashabiki nao wanaweza. Tarehe 31 Januari 1999 huko Chennai, India walihitaji mikimbio 271 kuwashinda Pakistan. Sachin alipiga 136 huku mgongo ukimuuma, akatoka karibu na mwisho, na India wakaanguka kwa mikimbio 12. Uwanja ulinyamaza. Kisha watu wakasimama, wakawapigia makofi Pakistan, nao Wasim Akram na wenzake wakauzunguka uwanja wote wakipokea heshima ile. Hazikupita wiki tatu, Kolkata, timu zilezile: Sachin aligongana na Shoaib Akhtar akatolewa mbioni, chupa zikarushwa, na siku ya mwisho polisi wakawatoa watu uwanjani, mchezo ukamalizika mbele ya viti vitupu. Wale wa Chennai na wale wa Kolkata ni watu wa nchi moja, wa mwezi mmoja, wenye uchungu uleule. Ndiyo maana siwakubali wanaosema shabiki hawezi kujizuia.

Septemba 2025, kwenye Kombe la Asia, wachezaji wa India hawakuwapa mikono wale wa Pakistan, na baada ya fainali hawakukipokea kikombe kutoka kwa mkubwa wa kriketi wa Pakistan. Kulikuwa kumemwagika damu Kashmir, eneo linalogombaniwa na nchi hizo mbili, mwezi wa Aprili mwaka huo, na sitawafundisha waliofiwa namna ya kuhuzunika. Ila niliona vijana wa Mombasa, waliosoma darasa moja na kula viazi karai sahani moja, wakikataana mikono baada ya mechi yao wenyewe kwa kuiga. Hao hawana mpaka wa kugombania. Niliumia.

Tena huku wakiazima uadui wa wengine, wameisahau timu yao. Kenya iliwashinda West Indies huko Pune tarehe 29 Februari 1996 kwa mikimbio 73. Mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2014 ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, na haijarudi. Waliozaliwa baada ya hapo wanamjua Kohli, na Babar Azam wa Pakistan. Wa nyumbani hakuna anayewaonyesha.

Basi nitawaonyesha mmoja. Asif Karim ni mzaliwa wa Mombasa, mrushaji wa mkono wa kushoto, wa mipira ya polepole ya kuzungusha, aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi. Alikuwa amestaafu kriketi, akaitwa tena kwa Kombe la Dunia la 2003 akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi huko Durban, Kenya ilikuwa ikicheza na Australia, timu iliyomaliza mashindano yale bila kushindwa hata mara moja. Australia walihitaji mikimbio 175 tu na walikuwa wakienda kasi. Karim akapewa mpira. Alirusha ova 8 (ova moja ni mipira sita) na mipira miwili, ova sita kati ya hizo bila kutoa mkimbio wowote, akatoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi tatu, yaani kuwatoa wapigaji watatu: Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Lehmann ni yuleyule aliyekuwa kocha Cape Town. Ponting ni yuleyule ambaye siku nane baadaye, kwenye fainali, aliipiga India mikimbio 140 bila kutolewa.

Australia walishinda siku ile, ndiyo, wakiwa wamebakiwa na wiketi tano. Lakini itafuteni video, muitazame nyote wa India na wa Pakistan kwa simu moja, mmwone mtu wa Mombasa akiuweka mpira mahali palepale, mara baada ya mara, na mabingwa wa dunia wakiuzuia tu.